Kwa nini wakimbizi wasipewe majembe tu?

"Wapewe majembe walime, wasilishwe." Kauli hii utaisikia kwenye basi la Kasulu, kwenye kijiwe cha kahawa Mombasa, na chini ya karibu kila habari ya wakimbizi inayowekwa mtandaoni. Mwaka 2025 ilirudi kwa nguvu, pale Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipopunguza migao ya chakula Kenya na Uganda, na wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakaingia barabarani kuandamana.

Wengi wanaoitamka kauli hii hawana roho mbaya. Wametoka kwenye jamii za wakulima, na wanajua kwamba mtu mwenye afya, ardhi na mvua hukosa chakula kwa nadra. Hoja yao ina ukweli ndani yake, tena ukweli mkubwa, na hapa Tanzania iliwahi kuthibitika mbele ya macho yetu. Lakini jembe lina masharti yake. Ndiyo maana nataka tuipime hoja hii kwa kilo, kwa ekari na kwa miezi, kama mkulima anavyopima msimu wake.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi unatokana nayo. Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake akikimbia vita au mateso. Mkongo aliyetoka Uvira akavuka kuingia Burundi ni mkimbizi. Jirani yake aliyekimbilia kijiji kingine ndani ya Kivu Kusini ni mkimbizi wa ndani, na anabaki chini ya serikali yake mwenyewe. Kambi ni mahali ambapo watu wanatarajiwa kukaa kwa muda, mara nyingi bila ruhusa ya kutoka wanavyotaka. Makazi ni tofauti: familia inapewa kiwanja au kipande cha shamba, kwa matumaini kwamba itajitegemea. Mgao ni chakula, au pesa ya chakula, anachopewa mtu kwa kipindi fulani, kwa kawaida mwezi. Msaada wa kilimo ni mbegu, majembe, mafunzo, maji ya kumwagilia, na pengine kuku au mbuzi.

Mgao wenyewe una kiasi gani? Mashirika hupiga hesabu kwa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, wastani wa mtoto, mama, mzee na kijana kwa pamoja. Mfano wa mgao kamili unaotumika kwenye miongozo ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au dengu, gramu 25 za mafuta, gramu 50 za unga lishe, sukari kidogo na chumvi yenye madini joto. Kwa mwezi hiyo ni kilo 12 za nafaka, yaani kama theluthi mbili za debe, na maharage yasiyofika kilo 2. Mafuta hayafiki lita moja. Hakuna nyama, nyanya, kitunguu wala maziwa. Mtu mzima anayelima kutwa atamaliza kilo 12 za unga bila kujishangaa.

Hapo ni mgao ukiwa kamili. Mwezi wa Juni 2025, mgao wa wakimbizi nchini Kenya ulishuka hadi asilimia 28. Chukua zile kilo 12 uzipunguze kwa kiwango hicho: zinabaki kilo 3 na theluthi hivi kwa mwezi mzima, gramu 112 kwa siku. Pima unga huo kwenye bakuli jikoni kwako, uusonge, halafu utazame unaweza kumpa nani ashibe. Na dengu na mafuta navyo vimepunguzwa vivyo hivyo.

Kwa nini ulishuka? Watu wengi wanadhani Umoja wa Mataifa una hazina yake inayolipia chakula hiki kama serikali inavyolipa mishahara. Sivyo. WFP inaendeshwa kwa michango ya hiari, kama kamati ya harusi. Wajumbe wanaahidi, kadi zinaandikwa, wapishi wanawekwa. Sasa fikiria kamati ambayo mjomba mmoja ndiye anatoa karibu nusu ya bajeti. Mwaka 2024 mjomba huyo alikuwa Marekani. Mwaka 2025 serikali yake ilipokata misaada ya nje na kulifunga shirika la USAID, nchi kadhaa za Ulaya nazo zikipunguza michango yao, kamati haikuwa na pa kukimbilia. Wageni walikuwa wameshakaa mezani.

Kabla hatujafika shambani, kuna neno moja ambalo halina budi kujibiwa, kwa sababu linaumiza. "Wana shibe hao, mbona wanauza mgao?" Ni kweli, wanauza. Ukipita karibu na kambi yoyote utakuta mafuta na unga wa msaada vikiuzwa. Lakini fuatilia kinachonunuliwa. Mahindi au mtama ukitolewa ukiwa punje, lazima usagwe, na mwenye mashine hasagi bure. Kama mtu hana shilingi mfukoni, analipa kwa sehemu ya punje hizo hizo. Kuni hazimo kwenye mgao wa chakula, na mwanamke anayezifuata porini anakwenda kwenye hatari ya kupigwa na kubakwa. Sabuni ikiisha kabla ya mwezi, ananunua. Mtoto akiumwa akakataa ugali wa dengu kwa siku ya tatu, mama anabadilisha kikombe cha dengu kwa samaki wadogo wawili. Mkulima wa Rukwa anayeuza gunia la mahindi ili amlipie mtoto ada hatumwambii kwamba ana chakula kingi. Tunasema ana shida ya pesa.

Ni kwa sababu hii Kenya ilianza, mwaka 2015, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Badala ya kupewa kila kitu kwa gunia, familia iliingiziwa kwenye simu kiasi ambacho kingeweza kununua chakula tu, kwenye maduka yaliyosajiliwa, mengine ya wakimbizi na mengine ya wenyeji. Mama aliweza kuchagua: leo mchele, kesho maziwa ya unga. Pesa ikabaki Kakuma badala ya kwenda kwa wasafirishaji peke yao. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba biashara na matumizi ya Kakuma yalifikia karibu shilingi za Kenya bilioni 6 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Kwa hiyo mgao ulipokatwa, hakuumia mkimbizi peke yake. Mturkana, mwenyeji wa Kakuma, aliyekuwa akimuuzia kuni na mkaa, na mwenye duka aliyekuwa amekopesha unga akisubiri mwisho wa mwezi, wote walikatwa pamoja naye.

Sasa jembe.

Nianze na mahali lilipofanya kazi. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwakimbiza watu wengi sana kuja Tanzania. Serikali, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na shirika la Wakristo lililojulikana kama TCRS wakafungua makazi ya Ulyankulu huko Tabora, kisha Katumba, na baadaye Mishamo, yote mawili sasa yakiwa mkoa wa Katavi. Yalikuwa mapori ya miombo yenye mbung'o. Familia ilipewa ardhi ya takriban hekta 5, ambayo ni zaidi ya ekari 12, pamoja na mbegu na majembe. Na, hili ndilo watu wanalisahau, ilipewa chakula. Mgao uliendelea wakati watu wanakata miti, wanang'oa visiki, wanapanda msimu wa kwanza. Ulipunguzwa kadiri mavuno yalivyoingia ghalani. Baada ya hapo watu wa Katumba na Mishamo waliuza mahindi, maharage na tumbaku, na makazi ya mwisho, Mishamo, yakakabidhiwa kwa serikali mwaka 1985. Mwaka 2014 wakimbizi hao na wazao wao wapatao 162,000 walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania.

Kwa hiyo anayesema "wapewe majembe" anaweza kunyoosha kidole Katumba na akawa sahihi kabisa. Lakini ajibu pia: walipewa ekari ngapi? Walikula nini wakisubiri? Hata huko huko mambo hayakwenda sawa kila mahali. Ulyankulu watu walizidi kile ambacho maji na udongo wa pale ungeweza kubeba, na ndiyo sababu moja kubwa Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 kuwapokea waliohamishwa. Jembe lilikuwa lile lile, watu ni wale wale, bidii ile ile, ila ardhi haikuwatosha.

Hesabu hiyo inatupeleka Uganda. Nchi hii inasifiwa, na inastahili kusifiwa. Sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea, kufanya kazi na kulima, na inahifadhi zaidi ya watu milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Lakini ardhi haiongezeki. Mgeni aliyefika makazi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya Wasudan Kusini, alipimiwa kiwanja cha kama mita 30 kwa 30. Hicho ni chini ya robo ekari, na humo humo kuna nyumba, choo, jiko la nje na uwanja wa watoto. Tufanye eneo lote lingelimwa, na mkulima mzuri asiye na mbolea akapata magunia 8 kwa ekari. Atavuna magunia 2 kwa msimu, kilo 180 hivi. Familia ya watu watano inahitaji kilo 60 za nafaka kwa mwezi. Amevuna miezi mitatu. Akibahatika na msimu wa pili, miezi sita. Mwenye akili ya biashara hukodi shamba kwa mwenyeji, na wengi wanafanya hivyo, wakigawana mavuno. Lakini kukodi kunataka mtaji, na makubaliano ya mdomo yanavunjika mwenye shamba akiona limeshafyekwa na kulainika.

Kakuma ni habari nyingine tena. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 katika nchi ya wafugaji, kando ya mto Tarach ambao unafurika siku mbili kisha unabaki mchanga. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa jirani kuanzia mwaka 2016, na tangu mwanzo yalipangwa kwa ajili ya mkimbizi na mwenyeji pamoja, kilimo kikiwa sehemu ya mpango. Ukiingia kwenye nyua za pale utaona kazi ya kupendeza: vitalu vilivyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa pembeni, mchicha na sukuma wiki vikitoka kwenye matundu, kunde na bamia pembeni ya ua wa miba ya mathenge. Mwanamke anakuja na beseni la maji aliyooshea vyombo, anayamwaga polepole kwenye mashina, kikombe kwa kikombe.

Mbona anayapima hivyo? Kipimo cha kawaida cha maji kambini ni lita 20 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Familia ya watu watano ina lita 100. Katika joto la Turkana, kitalu cha mita mraba 10 kinaweza kunywa lita 50 kwa siku. Nusu ya maji ya nyumba nzima iende kwenye kitalu ambacho ukikiruka hatua chache umekimaliza! Bustani ile ina thamani kubwa. Mtoto anapata majani mabichi ambayo hayamo kwenye mgao, na mama anapata vijisenti vya sabuni. Ila tusichanganye mambo: bustani inaleta mboga, shamba ndilo linaleta unga. Anayeonyeshwa picha ya magunia ya sukuma wiki na kuambiwa "sasa wamejitegemea" ameonyeshwa mboga.

Tukirudi nyumbani Kigoma, kikwazo si mvua. Kasulu na Kibondo zina mvua nzuri na udongo mzuri, na mkimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, anatoka kwenye jamii ya wakulima hodari. Kinachomzuia ni utaratibu. Hatakiwi kutoka kambini bila kibali, hana shamba zaidi ya bustani ya uani, na masoko ya pamoja ambako alikuwa akikutana na wenyeji yalifungwa. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi na wenyeji. Serikali ilikuwa na hoja zake: usalama, mzigo wa mazingira, na ahadi za wafadhili ambazo hazikutimizwa. Hoja hizo si za kupuuzwa. Misitu inayozunguka kambi imepungua kweli kwa kuni. Lakini hatuwezi kumzuia mtu asilime halafu tukamlaumu kwamba halimi. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania, Kenya na Uganda wameuridhia, unakitaja kilimo kwa jina katika kifungu cha 18 miongoni mwa kazi za kujiajiri ambazo mkimbizi anapaswa kuruhusiwa, angalau kama mgeni mwingine yeyote.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo wakulima watalielewa kuliko waandishi wa ripoti. Tufanye ardhi ipo, mvua ipo, kibali kipo. Familia imepewa kilo 10 za mbegu ya mahindi, na mgao umekatwa. Mbegu ya dukani imepakwa dawa, ndiyo maana ina ile rangi ya waridi. Watoto hawajala tangu jana. Mama anaweka mbegu kwenye sufuria, anaiosha maji ya kwanza yanatoka mekundu, ya pili, ya tatu, mpaka punje zinaonekana kama mahindi ya kawaida. Kisha anawasha moto. Dawa haiishi yote, lakini njaa haimpi nafasi ya kungoja miezi minne. Wenye uzoefu wa kazi hii wanalijua, ndiyo maana panapofanyika vizuri mbegu hutolewa pamoja na chakula, kiitwacho mgao wa kulinda mbegu. Chakula kile ndicho kinachofanya mbegu ifike ardhini. Ukimnyang'anya unga ukampa mbegu, umempa unga mchache zaidi, tena wenye sumu.

Ndivyo ilivyo pia kwa nguvu za mwili. Kulima kwa jembe la mkono ni kazi inayokula. Mtu wa gramu 112 hawezi kupiga matuta kutwa. Na wako wasioweza kabisa, hata mgao ukiwa kamili: bibi anayelea wajukuu yatima, mwenye ulemavu wa miguu, binti wa miaka 15 aliyebaki na wadogo zake, Mkongo aliyefika Burundi mapema mwaka 2025 na nguo alizovaa, pamoja na makumi ya maelfu ya wenzake, baada ya miji ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23.

Hao ndio wanaoitwa kaya zisizojiweza, na kuwatambua ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Uganda ilianza kuwagawa wakimbizi kwa makundi matatu mwaka 2023, Kenya ikagawa kwa makundi manne kuanzia Agosti 2025: walio hoi wapate zaidi, wenye kipato waondolewe. Nia ni nzuri; pesa ikiwa ndogo, bora imfikie anayekufa. Lakini kila Mtanzania aliyekaa kwenye mkutano wa kijiji wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, anajua kinachotokea. Mzee anaachwa kwa sababu ana nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe aliyefariki. Mwenye duka anaingizwa. Aliyepata anampa jirani aliyekosa, kwa sababu watoto wao wanacheza pamoja, na mgao wa mmoja unaliwa na wawili. Hapo takwimu zitaonyesha walengwa wamefikiwa na hakuna aliyeshiba.

Na wenyeji je? Swali hili ni la haki. Mturkana wa Kakuma au Muha wa Kigoma aliye maskini anayeona lori la unga likimpita anaumia, na hapaswi kuambiwa anyamaze. Uganda ilijiwekea kanuni kwamba kama asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwanufaishe wenyeji: visima, shule, zahanati, mbegu. Kisima kikichimbwa katikati, ng'ombe wa mwenyeji na kitalu cha mgeni vinakunywa pamoja, na ugomvi unapungua. Mahali ambapo mkimbizi anaruhusiwa kununua na kuuza, mwenyeji ndiye mteja wake wa kwanza na ndiye muuzaji wake wa kwanza.

Ukisikia tena habari kwamba mgao umepunguzwa mahali fulani ili watu wajitegemee, tazama kalenda. Mei 2025, WFP iliwaondoa karibu wakimbizi milioni moja kwenye mgao nchini Uganda kwa kukosa fedha. Sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi hiyo, mahindi ya msimu wa kwanza hupandwa kati ya Machi na Mei na kuvunwa Julai na Agosti. Mwezi ule mahindi ya waliopanda yalikuwa ya kijani, mengine hayajafika magotini.